Marubani wanaoabiri ndege ili kufika kazini: Hesabu ya viti na ya usingizi

MTAA wa Rhonda uko upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, jirani na Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Kutoka hapo hadi Nairobi ni takriban kilomita 160 kwa barabara. Anayekwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) hulazimika kuongeza mwendo wa kulivuka jiji hadi Embakasi. Karani anayeishi Rhonda na kufanya kazi Nairobi akichelewa, mwajiri hukasirika. Rubani akichelewa, abiria zaidi ya mia moja hukwama uwanjani. Na akifika kwa wakati ilhali hajalala, abiria hao huondoka naye bila kujua lolote.

Katika nchi nyingi, marubani wanaoishi mbali na kituo chao cha kazi hulitatua tatizo hili kwa kuabiri ndege nyingine kama abiria wa kawaida. Rubani hulala kwake Mombasa, Kisumu au Eldoret, hupanda ndege ya asubuhi hadi Nairobi, kisha huvaa kofia yake na kuanza kazi. Utaratibu huu umeenea zaidi nchini Marekani, ambako kuna marubani wanaoishi upande mmoja wa bara na kufanya kazi upande mwingine.

Ni muhimu kutofautisha safari za aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo kampuni yenyewe humsafirisha rubani kwenda kuichukua ndege katika uwanja mwingine. Safari hiyo ni sehemu ya kazi: kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), muda wake huhesabiwa ndani ya saa za kazi hata kama rubani ameketi nyuma akisoma gazeti. Ya pili ni safari ambayo rubani hujipangia mwenyewe kutoka nyumbani hadi kituo chake cha kazi. Hii haihesabiwi kamwe. Iwe ya dakika 20 au ya saa tano, kwa kampuni ni jambo la nyumbani kwake.

Kwa nini waishi mbali

Kampuni za ndege huweka marubani wake katika viwanja vichache ambako ndege hulala na kufanyiwa matengenezo. Nchini Kenya, viwanja hivyo vimekuwa zaidi Nairobi. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na nchi za Afrika Mashariki, lilikuwa na makao yake makuu Nairobi. Liliposambaratika mwaka 1977 na Kenya Airways kuundwa mwaka huo huo, makao yalibaki Embakasi. Kampuni nyingi zinazotumia ndege ndogo nazo zilijikita katika Uwanja wa Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata.

Wanaofanya kazi humo, hata hivyo, hutoka kila pembe ya nchi. Kuna mwenye mke au mume aliyeajiriwa Kisumu, mwenye watoto walio shuleni Mombasa, na aliyejenga kwao Uasin Gishu akawa hataki kulipa kodi ya nyumba Nairobi. Ratiba ya rubani vilevile humshawishi kuishi mbali. Haendi kazini kila siku. Anaweza kufanya kazi siku nne mfululizo kisha akapumzika siku tatu, hivyo safari moja ya kwenda na moja ya kurudi humtosha kwa juma zima.

Hali ni tofauti katika Ghuba, ambako Waafrika Mashariki wengi wameajiriwa katika sekta hii. Kampuni kubwa za Dubai na Doha huwataka wafanyakazi wao waishi katika mji wa kituo, na huwapa makao au posho ya makao.

Ni nani anayeweza kuabiri

Ili mtu aitegemee ndege kumfikisha kazini, anahitaji uwanja ulio karibu na kwake na wenye safari kadhaa kwa siku. Mombasa na Kisumu zinatimiza sharti hilo. Eldoret, ambayo uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1997, ina safari chache kuliko hizo mbili lakini inawezekana.

Nakuru ndiyo iliyosahauliwa. Ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021, na hadi wakati huo haikuwa imepata huduma za kudumu za ndege za abiria kama za Kisumu. Ndani ya mbuga mna uwanja mdogo wa Naishi, unaotumiwa na ndege za watalii. Lanet kuna uwanja mwingine ulio karibu na kambi ya jeshi, na mpango wa kuupanua umezungumzwa na serikali moja baada ya nyingine.

Mkazi wa Rhonda anayetaka kuabiri ndege ya kwenda Nairobi angelazimika kwanza kwenda Eldoret, mwendo unaokaribia kulingana na wa Nairobi kwenyewe. Hakuna mwenye akili timamu atakayefanya hivyo. Kwa hiyo rubani wa Nakuru huwa msafiri wa barabara, akitegemea gari lake au matatu, na kuyavumilia malori ya Gilgil, ukungu wa Kimende na misongamano ya Naivasha wakati wa sikukuu.

Kiti kisicho na hakika

Kwa kawaida rubani anayesafiri kwenda kazini halipi nauli kamili. Hutumia tiketi ya punguzo ya wafanyakazi, ambayo humpa nafasi iwapo tu kuna kiti kitakachobaki baada ya abiria wote waliolipa kuketi. Huorodheshwa, husubiri kando ya kaunta, na huitwa dakika za mwisho au asiitwe kabisa.

Pale sheria na kampuni zinaporuhusu, kuna pia kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani, nyuma ya viti vya wanaoendesha ndege. Anayeketi hapo ni lazima awe amethibitishwa, na rubani mkuu ndiye mwenye kauli ya mwisho. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, ruhusa hii ilibanwa kote duniani. ICAO iliagiza milango ya vyumba vya marubani katika ndege kubwa za abiria iimarishwe ifikapo Novemba 1, 2003, na Marekani ikaweka mfumo wa kompyuta wa kuthibitisha papo hapo kwamba anayeomba kiti bado ni mwajiriwa.

Tahadhari hiyo ina msingi. Aprili 7, 1994, mfanyakazi wa kampuni ya FedEx aliyekuwa akisafiri kama abiria katika ndege ya mizigo kutoka Memphis aliwashambulia marubani watatu kwa nyundo. Walijeruhiwa vibaya lakini wakafaulu kuitua ndege. Oktoba 22, 2023, rubani asiye zamuni aliyeketi katika kiti cha ziada cha ndege ya Horizon Air alijaribu kuzima injini ikiwa hewani. Alizuiwa, na ndege ikatua Portland.

Kwa wanaosafiri ndani ya Kenya, adui mkubwa wa kiti ni kalenda. Majuma ya kabla ya Krismasi, umati huelekea Kisumu, Eldoret na Mombasa, na rubani anayetoka huko kuja Nairobi hukuta viti vitupu. Mwanzoni mwa Januari mkondo hugeuka. Shule zinafunguliwa, ofisi zinafunguliwa, kila kiti cha kuja Nairobi kimelipiwa, naye rubani husalia uwanjani akiitazama ndege ikipaa.

Jinsi ya kufika bila kukosa

Wazoefu wa safari hizi huhesabu kinyumenyume. Huanza na saa ya kuripoti, ambayo kwa kawaida huwa saa moja au zaidi kabla ya ndege kupaa. Kisha hutafuta ndege ambayo, hata ikichelewa, itamfikisha kabla ya saa hiyo. Baadaye hurudi nyuma hatua moja zaidi na kuchagua ndege inayoitangulia hiyo. Ya kwanza ndiyo ya kupanda. Ya pili ni ya akiba. Asiye na ndege ya akiba hana mpango.

Kampuni kadhaa za Marekani zimeuandika utaratibu huu katika mikataba na vyama vya marubani. Rubani akithibitisha kwamba alijaribu ndege mbili zilizokuwa na nafasi na zingemfikisha mapema, kisha akazikosa kwa sababu zisizo zake na akapiga simu mara moja, haadhibiwi. Sharti la kupiga simu mapema lina maana kubwa. Kampuni huwa na marubani wa zamu ya kusubiri, na kila dakika 30 za taarifa huongeza uwezekano wa kumpata mbadala kabla ya abiria kucheleweshwa.

Hali ya hewa nayo ina ratiba yake. Katika eneo la Ziwa Victoria, ngurumo na mvua kubwa hupiga zaidi alasiri na jioni, hivyo ndege ya asubuhi ya Kisumu huaminika kuliko ya jioni. Nairobi nako, mawingu ya chini na ukungu wa alfajiri huweza kuzilazimisha ndege kwenda kutua Mombasa. JKIA ina njia moja tu ya kurukia. Ndege moja ikikwama juu yake, nyingine zote husimama. Aidha, ni lazima kuuangalia uwanja wa kutua. Aliyepanda ndege inayotua Wilson ilhali anaripoti JKIA bado ana safari ya kulivuka jiji, na msongamano wa Nairobi hautambui kofia ya rubani.

Yapo pia matukio ambayo hesabu yoyote haiwezi kuyakinga. Aprili 6, 2020, serikali ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya virusi vya corona, na safari za ndege za humu nchini hazikurejea hadi Julai 15. Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa. Septemba 11, 2024, mgomo wa wafanyakazi wa viwanja vya ndege uliipooza JKIA. Wasafiri wa barabara nao wana yao: Aprili 29, 2024, maji yaliyofurika yaliua makumi ya watu eneo la Mai Mahiu na kuvuruga usafiri katika Bonde la Ufa.

Saa za daftari na saa za mwili

Kufika kwa wakati, hata hivyo, ni nusu tu ya wajibu. Nusu ya pili ni kufika ukiwa umelala, na hapa ndipo penye hatari.

Chukua mfano wa rubani anayeishi Rhonda na anayetakiwa kuripoti JKIA saa kumi na mbili asubuhi, ili ndege ipae kwenda Johannesburg saa moja na nusu. Kwa kuwa haiamini barabara, anaondoka nyumbani saa nane usiku. Ameamka saa saba. Anaendesha gari gizani, anafika mapema, anaripoti. Safari ya kwenda ni ya takriban saa nne, huko anakaa saa moja, na kurudi ni saa nne nyingine. Mambo yakienda sawa atatua Nairobi saa kumi na nusu jioni. Kukiwa na ucheleweshaji wa saa moja na nusu, atatua saa kumi na mbili.

Katika daftari la kampuni, rubani huyo amefanya kazi kwa saa 12. Mwili wake umekuwa macho kwa saa 17. Mwaka 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kuwa mtu aliyekesha kwa saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Hakuna kampuni itakayomruhusu rubani mwenye kiwango hicho cha pombe kuikaribia ndege. Lakini uchovu hauna kifaa cha kupuliza, na hauachi harufu.

Tena si saa nyingi pekee zinazoumiza. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mwili wa binadamu huwa katika kiwango cha chini kabisa cha uchangamfu. Anayesafiri katika saa hizo hupoteza usingizi ulio bora kuliko wowote atakaoupata mchana.

Anayeabiri ndege kutoka Kisumu asidhani ameepuka hesabu hii. Akiwa hewani ni chini ya saa moja. Lakini akiongeza mwendo wa kwenda uwanjani, muda wa kusubiri kiti na wa kushuka, safari yake huzidi saa mbili kwa urahisi. Uingereza, na baadaye Umoja wa Ulaya kupitia kanuni zilizoanza kutumika Februari 2016, ziliweka mwongozo ulio wazi: ikiwa safari ya kutoka nyumbani hadi kituo cha kazi kwa kawaida huzidi dakika 90, mfanyakazi wa ndege afikirie kutafuta malazi ya muda karibu na kituo. Kwa kipimo hicho, rubani wa Rhonda na yule wa Kisumu wako katika kundi moja.

Funzo la Buffalo

Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air iliyokuwa ikitoka Newark ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo, katika jimbo la New York. Wote 49 waliokuwamo walifariki, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo. Ilikuwa ndege ya aina ya Dash 8 Q400, ambayo Wakenya wengi wameiabiri katika safari za humu nchini. Ndege haikuwa na kasoro iliyosababisha ajali.

Uchunguzi ulipofuatilia saa 24 za mwisho za marubani hao, uligundua kwamba wote wawili waliishi mbali na Newark, kituo chao cha kazi. Rubani mkuu alikuwa na makao Florida, na alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani, mahali pasipokusudiwa kulalwa. Rubani msaidizi aliishi karibu na Seattle, upande wa pili wa bara. Alisafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo kupitia Memphis, akafika Newark alfajiri, na kuingia kazini siku iyo hiyo. Mshahara wake mdogo ulijadiliwa sana, kwa kuwa ulifanya iwe vigumu kwake kulipia chumba karibu na kazi.

Katika ripoti iliyopitishwa Februari 2010, Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani (NTSB) ilisema ajali ilisababishwa na jinsi rubani mkuu alivyoitikia onyo kwamba ndege imepungukiwa na mwendo: aliivuta pua juu badala ya kuishusha. Uchovu haukuwekwa miongoni mwa visababishi rasmi. Bodi ilisema tu kwamba huenda ulipunguza uwezo wa marubani, lakini kiasi chake hakingeweza kupimwa.

Familia za waliofariki hazikunyamaza. Kwa shinikizo lao, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010 iliyoongeza kiwango cha uzoefu anachohitaji rubani wa ndege za abiria na kuagiza kanuni mpya za mapumziko. Kanuni hizo zilianza kutumika Januari 4, 2014. Zinampa rubani angalau saa 10 za mapumziko kabla ya kazi, ndani yake zikiwamo 8 za fursa ya kulala bila kusumbuliwa, na zinamtaka athibitishe kabla ya kila safari kwamba yuko katika hali ya kuifanya.

Sheria hiyo iliagiza pia utafiti kuhusu safari za kwenda kazini. Ripoti iliyotolewa mwaka 2011 haikupendekeza umbali uwekewe mpaka. Sababu inaeleweka: anayeishi maili mia tano na kufika siku moja kabla anaweza kuwa amelala vizuri kuliko anayeishi maili thelathini na kukwama kwenye foleni tangu alfajiri.

Wajibu ni wa nani

Kanuni, basi, husimama mlangoni mwa nyumba ya rubani. Zinaweza kuamuru saa 10 za mapumziko, lakini haziwezi kumzuia kutumia tano kati ya hizo barabarani au katika foleni ya tiketi. Kwa sababu hiyo, kampuni hazipaswi kulichukulia jambo hili kuwa siri ya rubani. Zipo hatua zisizo ghali: vyumba vya kulala vya bei nafuu karibu na uwanja, zamu ya kwanza ya juma kupangwa mchana kwa wanaotoka mbali, na kumwezesha rubani kusema "nimechoka" bila kuogopa kukatwa mshahara au kuitwa mvivu.

Rubani naye ana sehemu yake. Wanaotoka mbali na kudumu katika kazi hii kwa miaka mingi husafiri siku moja kabla. Wengi hukodi chumba kimoja kwa pamoja na wenzao, wakitumia vitanda kwa zamu na kugawana kodi. Kwa rubani wetu wa Rhonda, kitanda Embakasi usiku wa kuamkia safari kingemwezesha kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Angetua jioni ile ile saa kumi na mbili akiwa macho kwa saa 13 na nusu badala ya 17.

Hata ndege za abiria zikianza kutua Lanet kila siku, hesabu hiyo haitabadilika sana. Ndege moja ya asubuhi na moja ya jioni haimpi msafiri safari ya akiba, na bado atapaswa kuamka usiku. Nakuru ina sababu nyingi nzuri za kutaka uwanja: maua, utalii na biashara. Usingizi wa rubani utaendelea kutegemea mahali alipolala usiku uliotangulia, na abiria anayefunga mkanda hana njia ya kumuuliza.